Aliyeajiri Hata Mtu Mmoja ni Mwajiri

Neno "mwajiri" likitajwa, watu wengi hufikiri habari ya kampuni kubwa yenye jengo la ghorofa, makarani na mhasibu. Hawajidhanii wao wenyewe. Lakini pita Gairo siku yoyote, pale barabara kuu iendayo Dodoma inapokata katikati ya mji, ukahesabu. Mwenye ghala la mahindi ana vijana wa kupakia magunia. Mwenye gesti ana binti wa kutandika vitanda na mlinzi wa usiku. Mama mwenye hoteli ya wali na maharage ana wasichana jikoni. Mwenye mashine ya kusaga ana kijana wa kuiendesha, mwenye lori ana dereva na utingo, na mwalimu mwenye mtoto mchanga ana binti aliyemleta kutoka milima ya Nongwe amlelee mtoto. Hawa wote ni waajiri. Sheria ya nchi yawaita hivyo, wapende wasipende.

Somo letu la juma hili lahusu mambo yanayowapata waajiri wa namna hiyo, na sheria inayowatazama. Tumeichagua Gairo kwa mfano kwa sababu ni mji wa biashara na wa wasafiri, ambamo karibu kila nyumba yenye riziki kidogo ina mtu anayeitumikia. Walakini yatakayosemwa yawahusu vilevile wasomaji wetu wa Mwanza, wa Songea na wa Bukoba. Wasomaji wa Zanzibar wana sheria yao ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, na baadhi ya hesabu tutakazotaja si zao.

Kwanza yafaa tukumbuke sheria hizi zimetoka wapi. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza katika Tanganyika ilitunga sheria ya mabwana na watumishi wenyeji, ambayo kwayo mtumishi aliyeiacha kazi kabla ya muda wake aliweza kushitakiwa kama mhalifu. Katika mashamba ya mkonge ya Kimamba na Kilosa, wilaya ambayo Gairo ilikuwa sehemu yake mpaka ilipopewa wilaya yake yenyewe mwaka 2012, kazi ilihesabiwa kwa kipande: kadi ya siku 30, kila siku ya kazi ikitiwa alama, na mshahara hauonekani mpaka kadi imejaa. Mwaka 1955 ikatungwa sheria ya ajira iliyoandikwa katika vitabu vya sheria kuwa Sura ya 366. Nchi ilipokwisha kupata uhuru, Bunge lilipitisha mwaka 1964 sheria ya kulinda usalama wa mtu kazini, ili bwana asiweze kumfukuza mfanyakazi kwa hasira za asubuhi moja. Hatimaye ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, ambayo ndiyo tunayoitumia hata sasa, pamoja na marekebisho yake. Nayo yabeba namba ileile ya Sura ya 366.

Twaona kwamba sheria imesafiri mwendo mrefu, lakini mioyo ya baadhi yetu ingali mwaka 1923. Wapo wanaoona mtumishi akidai haki yake kuwa amewatukana.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili hayakuanza jana. Torati ilimwamuru Mwisraeli amlipe kibarua kabla jua halijatua, kwa kuwa maskini ameuweka moyo wake kwenye ujira huo. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, awaambia matajiri kwamba ujira waliouzuia unapaza sauti, na sauti hiyo imefika masikioni mwa Mungu. Papa Leo XIII aliandika barua yake Rerum Novarum tarehe 15 Mei 1891, akafundisha kwamba mapatano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana; maana mwenye njaa hukubali lolote. Papa Pio XII aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei mwaka 1955. Katekisimu ya mwaka 1992 yahesabu udhalimu kwa mtu wa mshahara miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu, ikiziweka pamoja na uuaji wa Abeli. Na Baba Mtakatifu Leo XIV, alipochaguliwa Mei 2025, aliwaeleza Makardinali kwamba amelichukua jina hilo hasa kwa kumkumbuka yule Leo wa Rerum Novarum. Basi asiseme mtu kwamba mambo ya mishahara ni ya serikali na mambo ya sala ni ya Kanisa. Amri ya saba haina mlango wa nyuma.

Sasa tuingie katika mambo yenyewe. La kwanza ni lile neno tamu, "huyu ni kama mwanangu." Mama amchukua binti kutoka kijijini, amlaza chumba kimoja na watoto, amnunulia nguo ya Noeli, na kwa sababu hiyo aona kwamba kumlipa mshahara kila mwezi ni kama kumfukuza katika undugu. Twasema hivi: kama ni mwana, na aende shule pamoja na wana wengine, ale mezani nao, na asiamke peke yake saa kumi ya alfajiri. Kama aamka peke yake, afua nguo za nyumba nzima, na hawezi kutoka bila ruhusa, basi huyo ameajiriwa, na wema wa moyo haulipi deni lake. Wema ni mzuri, uongezwe juu ya mshahara. Usiwekwe mahali pake.

Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimwekea mfanyakazi wa nyumba ya kawaida anayeishi humo humo shilingi 60,000 kwa mwezi, na asiyelala hapo shilingi 120,000. Kazi za kilimo ziliwekewa 140,000, na biashara 150,000. Oktoba 2025 serikali ilitangaza amri mpya yenye viwango vilivyopanda, ili ianze tarehe 1 Januari 2026. Mwajiri yampasa aipate amri hiyo na kusoma mstari wa kazi yake mwenyewe, wala asimwulize jirani, kwa kuwa jirani aghalabu hutaja kile anacholipa yeye.

La pili ni karatasi. Hapa ndipo waajiri wadogo wanapoanguka wengi, wala si kwa ubaya bali kwa desturi. Kijana alikuja akaomba kazi, akaambiwa "njoo kesho," na tangu kesho hiyo imepita miaka minne. Hakuna lililoandikwa. Sheria yataka mwajiri amwandikie mfanyakazi habari za kazi yake: jina, umri, jinsia na makao yake ya kudumu, mahali alipochukuliwa, kazi atakayofanya na mahali pake, siku aliyoanza, muda wa mapatano, saa za kazi, na mshahara pamoja na namna unavyohesabiwa. Mfanyakazi asiyeelewa maandishi yampasa mwajiri amfafanulie kwa namna atakayoifahamu. Kazi ikiisha, karatasi hiyo itunzwe miaka 5 zaidi.

Mtu atauliza, nisipoandika, nani ataumia? Wengi hudhani ni mfanyakazi, kwa maana hana ushahidi. Sivyo. Sheria imegeuza mzigo: mbele ya baraza, mwajiri asipoweza kutoa maandishi, ni juu yake yeye kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Kijana akisema mlipatana 200,000, nawe wasema ni 150,000, wewe ndiwe wa kuleta uthibitisho. Hivyo karatasi moja ya daftari, iliyoandikwa kwa Kiswahili safi na kutiwa sahihi na wote wawili, yamlinda mwenye duka kuliko kufuli la ghala lake.

Wako waliofikiri kuikwepa sheria kwa kumwita kila mtu kibarua. Vijana wa kupakia magunia hulipwa kwa gunia, nao wenye maghala husema, "Hawa si wangu, ni wa mji." Pengine ni kweli, kwa yule anayepakia leo hapa na kesho kwa mwingine. Lakini sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, yasema mtu ahesabiwe kuwa mfanyakazi mpaka ithibitike vingine, ikiwa kazi yake na saa zake zaongozwa na mwingine, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, au amtegemea yeye kwa riziki yake, na alama nyingine za namna hiyo. Alama moja yatosha. Kijana aliye getini kwako kila asubuhi tangu msimu wa mahindi mpaka msimu wa maharage, ni wako.

La tatu ni makato. Katika maduka, mabaa na hoteli limeingia neno "shoti." Jioni fedha zikihesabiwa zikapungua, msichana wa kaunta alipe. Glasi ikivunjika, alipe. Mteja akila akakimbia, alipe. Mwisho wa mwezi mshahara wote umekwisha kwa shoti, na pengine adaiwa. Twasikia mashitaka haya mara nyingi mno kuliko mengine yote, na kusema kweli yanatuchukiza, kwa kuwa ni njia ya kumfanya maskini awe bima ya tajiri.

Sheria haikukataza kila kato. Mfanyakazi aliyesababisha hasara kwa kosa lake mwenyewe, akiwa kazini, aweza kukatwa. Lakini kwanza mwajiri amwandikie hasara ni nini, ni kiasi gani na imehesabiwaje. Ampe nafasi ya kutosha ya kujibu. Asikate zaidi ya hasara yenyewe. Na makato yasipite robo moja ya mshahara wake wa fedha. Basi mwenye kaunta wa mshahara wa 160,000 hawezi kukatwa zaidi ya 40,000 kwa mwezi, hata kama ndiye aliyeliangusha sanduku zima la soda. Na mteja aliyekimbia si kosa lake, ila kama ilithibitika kwamba walikula njama. Kadhalika ni marufuku kumwambia mtu atie sahihi kwamba amepokea kiasi kikubwa kuliko alichopewa mkononi. Mwajiri anayefanya hivyo amesema uongo kwa kalamu ya mtu mwingine.

Saa za kazi tutazieleza kwa ufupi, kwa kuwa hesabu yake si ngumu: siku 6 kwa juma, saa 9 kwa siku, na kwa juma zima zisizidi 45. Kinachozidi hapo chataka mapatano, nacho hulipwa mara moja na nusu. Pamoja na saa za nyongeza, siku ya kazi haiwezi kupita saa 12. Baada ya saa 5 mfululizo mtu apumzike saa nzima. Kazi ya usiku, tangu saa 2 hadi saa 12 alfajiri, yaongezewa asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Binti wa gesti anayefagia saa 11 alfajiri na kuwapokea abiria wa basi saa 4 za usiku, amekwisha kufanya siku mbili ndani ya siku moja.

Kila juma pia mtu ana haki ya kupumzika saa 24 mfululizo. Sheria haikutaja Dominika, kwa sababu nchi ina watu wa dini nyingi. Lakini mwajiri Mkatoliki hana udhuru. Twajua kwamba gesti haifungwi Dominika, na malori hayasimami. Basi siku ya kupumzika iwe nyingine, na Dominika binti apewe nafasi ya kuhudhuria Misa ya kwanza. Kuna jambo la aibu katika parokia zetu: familia nzima imepanga mstari mmoja kanisani, na mpishi wao Mkatoliki amebaki nyumbani akimenya viazi. Anayefanya kazi siku yake ya kupumzika alipwe mara mbili, na sikukuu za serikali ni vivyo hivyo.

Habari ya watoto haina mjadala mrefu. Mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi. Aliyefikia 14 aweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru mwili wala kumzuia kwenda shule. Kazi za hatari ni za mwenye miaka 18. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, kwa hiyo ule udhuru wa "wazazi wake hawana karo" umepunguka nguvu. Mtoto wa miaka 12 aliyeletwa mjini "amsaidie shangazi" huku shule imefunguliwa, ameibiwa.

Tena yatupasa tuseme neno juu ya mimba. Binti wa kazi aonekana ana mimba, keshoye vitu vyake viko nje, kwa sababu "ametia aibu nyumba ya Wakristo." Sheria yasema wazi kwamba mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na mama mzazi ana haki ya siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akizaa mapacha, na akirudi kazini apewe saa 2 kila siku za kumnyonyesha mtoto. Sisi tunaohubiri uhai wa mtoto tangu tumboni, tukimtupa mama yake barabarani na mkoba mmoja, tumehubiri nini? Tena mara nyingine yafaa kuuliza kwanza, kabla ya kunyoosha kidole, kama baba wa mtoto huyo halali chini ya dari lile lile.

Sasa twafika katika jambo linalowaleta waajiri wengi barazani, nalo ni kumwachisha mtu kazi. Tutoe mfano wa kubuni. Tuseme mwenye ghala mmoja wa Gairo ana kijana aliyemtumikia miaka 6 kamili kwa mshahara wa 150,000. Asubuhi moja magunia 3 ya mahindi hayaonekani. Ufunguo ulikuwa kwa kijana. Bwana akasirika, amwita mwizi mbele ya wapakiaji, amnyang'anya ufunguo, amwambia aondoke na asionekane tena. Na mshahara wa siku 20 alizofanya asema ni malipo ya magunia.

Tumtazame bwana huyu. Yawezekana kabisa kwamba ni kweli kijana ameiba. Wala sheria haimlazimu mtu kukaa na mwizi. Udanganyifu mkubwa ni kosa linaloweza kumtoa mtu kazini hata kwa mara ya kwanza. Kosa la bwana si kuamua, bali ni namna alivyoamua. Sheria yauliza maswali mawili, si moja: je, ipo sababu ya haki? Na je, njia iliyofuatwa ni ya haki? Mwenye kushinda la kwanza akashindwa la pili, ameshindwa.

Njia yenyewe imeelezwa katika kanuni za utendaji bora za mwaka 2007. Mwajiri achunguze kwanza. Akiona lipo jambo la kujibiwa, amwandikie mfanyakazi tuhuma kwa maneno anayoyaelewa, ampe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, kisha amsikilize. Mfanyakazi aweza kuja na mwenzake wa kumsaidia, aweza kuuliza mashahidi na kuwaleta wake. Yafaa msikilizaji awe mtu ambaye hakuhusika na jambo lenyewe. Baada ya hapo ndipo uamuzi, tena kwa maandishi pamoja na sababu. Ghalani penye watu watano hakutakuwa na mahakama yenye meza ya kijani, twaelewa. Lakini hata pale pana mti wa kukaa chini yake, pana mzee wa kuaminika wa kuongoza kikao, na pana kalamu. Mungu mwenyewe, kabla ya kumtoa Adamu bustanini, alimwita akamwuliza. Hakuwa na haja ya kuuliza.

Lau bwana yule angefanya hivyo, pengine angegundua kwamba magunia yalipakiwa kimakosa katika lori la usiku. Au angethibitisha wizi, akamwachisha kijana bila hofu. Sasa kijana amekwenda barazani, na bwana hana karatasi ya ajira, hana barua ya tuhuma, hana maandishi ya kikao. Sheria kama ilivyotungwa mwaka 2004 iliweka kwa aliyeachishwa isivyo haki fidia isiyopungua mshahara wa miezi 12, yaani kwa kijana huyu shilingi 1,800,000, mbali na madai mengine. Hapo magunia 3 yamekuwa ghali kuliko bei ya soko lolote.

Madai mengine ni haya. Mshahara wa siku alizofanya, ambao ni wake hata kama ni mwizi. Likizo ambayo hakuichukua. Notisi, ambayo kwa alipwaye kwa mwezi ni siku 28, na kwa alipwaye kwa siku au kwa juma ni siku 4. Kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10: kwake ni ujira wa siku 42. Hiki hakilipwi kwa aliyeachishwa kwa haki kutokana na utovu wa nidhamu, lakini bwana yetu hakuachisha kwa haki. Cheti cha utumishi. Na ikiwa alichukuliwa mahali pengine, nauli ya kumrudisha kwao. Hili la mwisho twawakumbusha hasa wasomaji wa Dar es Salaam waliochukua mabinti kutoka vijiji vya Ukaguru na kwingineko: kumwacha binti stendi bila nauli ni kuvunja sheria, tena ni kumkabidhi kwa watu wabaya wanaongojea mabinti wa namna hiyo.

Wasomaji wengine watasema kwamba tumewaonea waajiri. Hapana. Wafanyakazi nao wana makosa yao. Yuko anayepokea mshahara wa Desemba akaenda kula Noeli, asirudi. Yuko dereva anayebeba abiria wa kificho, na mlinzi anayelala kabla ya mbwa. Deni la notisi ni la pande zote mbili: mfanyakazi anayeondoka pasipo taarifa naye amelivunja. Tena aliye chini ya miezi 6 kazini hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki, na kipindi hicho ndicho cha kumpima mtu. Asiyefaa aambiwe mapema kwa adabu, kuliko kumvumilia miaka mitatu huku ukinung'unika.

Vilevile mwajiri asione michango ya mifuko kuwa adhabu. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi huingia NSSF asilimia 20 ya mshahara wake, na mwajiri haruhusiwi kukata zaidi ya 10 kutoka kwa mfanyakazi. Upo tena Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ambao mchango wake ni wa mwajiri peke yake, nao ni chini ya asilimia 1. Kijana akivunjika mguu chini ya rundo la magunia, mfuko ndio utakaobeba gharama hizo. Aliyekata fedha za NSSF kwa mfanyakazi asizipeleke, huyo hatuna jina jingine la kumwita ila lile lililo katika amri ya saba.

Wala tusiwasahau waajiri wengine walio karibu nasi zaidi, yaani parokia, shule, zahanati na nyumba za watawa. Humo kuna wapishi, walinzi, madereva, walimu na wauguzi. Neno "wito" ni takatifu, lakini limetumika mara nyingine kufunika mshahara mdogo. Mtawa ameweka nadhiri ya ufukara kwa hiari yake. Mpishi wa padre hakuweka. Mlinzi wa kanisa anayekesha kila usiku ana mke na watoto, na baraka ya jioni hailipi unga. Habari ya makatekista ni nzito zaidi, kwa kuwa wengine hujitolea saa chache kwa juma, nao wengine wameacha mashamba yao na kuitumikia parokia siku zote. Twaona yafaa halmashauri za parokia zikae na paroko, zitofautishe wazi, kwa maandishi, nani ni mfadhili wa muda wake na nani ameajiriwa. Na aliyeajiriwa apewe haki zote tulizozitaja, toka bajeti ya parokia, kabla ya rangi mpya ya mnara.

Magomvi yakitokea, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huijua kwa herufi CMA. Kwa watu wa Gairo ofisi iko Morogoro mjini, safari ya zaidi ya kilomita 100. Anayedai kwamba ameachishwa isivyo haki yampasa apeleke shauri lake ndani ya siku 30. Madai mengine ni ndani ya siku 60. Tume huanza kwa kupatanisha, na mapatano hayo hupewa siku 30 kabla ya kuingia katika uamuzi. Mwajiri akipata wito asiudharau kwa kuwa ni wa "kijana wa ghalani." Aende, asikilize, na kama ana deni apatane pale pale, kwa maana asiyehudhuria shauri laweza kuamuliwa bila yeye, na hati ya uamuzi hutekelezwa kama hukumu ya mahakama.

Mwisho, kwa wale ambao wamesoma hapa wakakumbuka kwamba wana mtu nyumbani au dukani asiye na karatasi yoyote: msitafute wakili wala fomu ya kununua. Chukueni ukurasa wa daftari jioni ya leo, mkae naye, mwandike yale tuliyoyataja katika jambo la pili. Tarehe ya kuanza kazi iwe ile ya kweli, siku aliyofika na mkoba wake, wala si tarehe ya leo. Andikeni nakala mbili, na moja akae nayo yeye.